Juma la Kujisomea

Katika ratiba ya Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, lipo juma moja ambalo naamini limewaponza wanafunzi wengi kuliko mitihani yenyewe. Mwaka wa masomo pale hukatwa vipindi sita. Vinne kati ya hivyo ni vya majuma manane: sita ya madarasa, moja la kujisomea, la mwisho la mitihani. Nilifika Septemba 2017, nikaibandika ratiba hiyo ukutani juu ya kitanda. Juma la saba lilikuwa jeupe, halina somo hata moja. Nikasema, hapa ndipo nitakapovuta pumzi. Wenzangu wa jikoni nao wakalitazama, wakasema hapa ndipo tutakapokodi gari.

Jikoni ndiko kulikokuwa sebule yetu. Watu wa korido moja tulitumia majiko yaleyale na friji ambamo kila pakiti ya maziwa iliandikwa jina la mwenyewe. Alikuwepo msichana wa Kigiriki aliyesomea mambo ya maji, kijana wa Kireno aliyekuja kwa mwaka mmoja chini ya mpango wa Erasmus, Mjerumani mrefu, mpole, aliyependa usukani kuliko chakula, na Mwethiopia mmoja ambaye alituzidi sote umri, mwenye mke na watoto nyumbani. Mimi nilikuwa nasomea mazao na namna ya kuyahifadhi, hasa nafaka. Waliponiuliza kama ningependa kwenda nao safari ya kwanza, nilikubali kabla hawajamaliza kusema tunakwenda wapi. Kilichonivuta ni neno mpaka. Walisema kuna mji ambako mpaka unapita ndani ya maduka.

Mtu wa Buteba kama mimi ukimtajia mpaka humtajii kitu kigeni. Kwa asiyepajua, Buteba iko wilaya ya Busia, upande wa Uganda, ukielekea Tororo. Siku isiyo na ukungu unaliona Jiwe la Tororo limesimama peke yake kama mtu aliyekataa kuketi. Wengi wetu ni Iteso, na ndugu zetu wa damu wako Amukura, upande wa Kenya, kwa sababu mwaka 1902 Waingereza waliuchukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari ukaangukia katikati ya watu. Mama yangu aliolewa kutoka Amukura. Kwenda kumsalimu bibi kulikuwa ni kwenda nchi nyingine, na tulikwenda kwa miguu, kwa vijia vya mashambani, kuku kwapani, bila kukutana na mtu mwenye sare. Kiswahili nilikiokota Busia sokoni kabla sijakijua vizuri Kiingereza. Ni Busia hiyohiyo ambako waendesha baiskeli walianza kubeba abiria kati ya lango la forodha la Uganda na la Kenya, biashara iliyokuja kuijaza Afrika Mashariki boda boda. Na hadi leo utawaona pale walemavu wakivusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu wanazozisukuma kwa mikono, unga, sabuni, mafuta ya kula, wamejaza kila upenyo.

Basi tukaenda Baarle, mji mmoja wenye majina mawili: Baarle-Nassau ni ya Uholanzi, Baarle-Hertog ni ya Ubelgiji. Ubelgiji ina vipande 22 vya ardhi vilivyozungukwa na Uholanzi, na ndani ya baadhi ya vipande hivyo kuna vipande vingine vidogo vya Uholanzi. Mpaka umechorwa kwa misalaba myeupe kwenye vijia vya waenda kwa miguu, herufi NL upande huu, B upande ule, unakatiza mkahawa, unapanda ukuta wa nyumba ya mtu. Desturi yao ni kwamba nyumba huhesabiwa kuwa ya nchi ulipo mlango wake wa mbele. Waholanzi huenda upande wa Ubelgiji kununua fataki ambazo kwao zimebanwa na sheria. Wenzangu walipiga picha wakishangaa. Mimi nilicheka hadi Mgiriki akaniuliza kama ninaumwa. Ningemwelezaje? Fataki zile zilinikumbusha madumu ya petroli pale Busia, yanavyovuka kufuata bei, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Kitu pekee nilichokiona kigeni ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkimbia.

Nilituma picha nyumbani, mguu mmoja Ubelgiji, mwingine Uholanzi. Majibu yalikuja kabla hatujafika bwenini. Baba mdogo aliuliza, "Tulikutuma kusoma au kutembea?" Kaka yangu mkubwa aliuliza gari ni la nani. Mama hakuuliza habari za gari. Alituma sauti: "Mwanangu, hao wavulana ni akina nani?"

Maswali hayo yalikuwa na haki yake. Ufadhili wangu ulitoka serikali ya Uholanzi, ulilipa ada na tiketi na posho ya mwezi, lakini nguo za baridi na mizunguko ya Kampala kutafuta karatasi viliuziwa ng'ombe. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa sekondari Tororo, na sehemu ya posho yangu ilikwenda kwenye ada yake kupitia simu. Nilijikuta nikipima kila safari kwa kipimo hicho: fungu langu la gari, petroli na kitanda cha hosteli ni sawa na kiasi gani cha muhula wake? Wakati huohuo, kwenye kiti cha nyuma cha gari, Mreno alikuwa akizungumza na mama yake. Baadaye alinitafsiria. Mama yake alitaka kujua ameona miji mingapi, akalalamika kwamba ni michache.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tumepanda gari moja kwa nauli tofauti. Erasmus ilianzishwa mwaka 1987, na familia nyingi za Ulaya zimekwisha kuuzoea mwaka wa ugenini kama sehemu ya malezi. Kijana anatumwa akaone, na masomo ni mlango wa kumpitisha. Sisi tunatumwa tukalete. Sisemi kwamba wao hawasomi. Mgiriki alisoma kuliko mimi. Nasema hesabu ya kuanguka kwao na ya kuanguka kwangu hazikuandikwa kwenye daftari moja.

Hesabu yenyewe ni hii. Uholanzi huhesabu kredi moja ya Ulaya kuwa saa 28 za kazi. Kozi ya kawaida pale Wageningen ni kredi 6, yaani saa 168. Ukichukua kozi mbili kwa kipindi cha majuma manane unapata saa 336, ambazo ni saa 42 kila juma, pamoja na lile jeupe ukutani. Juma la kujisomea lilikuwa limejaa pomoni, ila hakuna aliyekuita kwa jina uingie darasani. Mwaka mzima ni kredi 60. Mwanafunzi aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa apate angalau nusu yake, 30. Akishindwa bila sababu inayokubalika, chuo kinalazimika kuiarifu idara ya uhamiaji, na kibali cha kuishi kinaweza kufutwa. Mgiriki alilipa ada ya kisheria ya mwaka ule, euro 2,006. Akianguka somo alirudia Agosti, akakosa likizo ufukweni kwao, akanuna, yakaisha. Ada ya mtu wa nje ilikuwa mara kadhaa ya hiyo, na mimi sikuilipa mwenyewe. Mfadhili alitaka taarifa ya maendeleo, na ukoo mzima nao ulitaka yake.

Safari iliyofuata ilipangwa Desemba, kwenda Cologne kwenye masoko ya Krismasi, na ilipangwa katika juma la saba. Nilisema siwezi. Waliniuliza kwa nini, nikasema nina kazi nyingi. Jibu hilo Ulaya halina uzito. Kila mtu ana kazi nyingi, ni salamu tu. Walikwenda wakarudi na biskuti za tangawizi. Nilizila nikiwa na daftari la takwimu mbele yangu, na sikuona raha, kwa sababu hata kazi yenyewe sikuifanya vizuri. Mtu aliyebaki nyumbani kwa kinyongo huwa anasoma ukurasa mmoja mara nne.

Wakati wa kupanga safari ya tatu nilibadili njia. Nilichukua karatasi nikaiweka juu ya meza ya jikoni, nikawaandikia hesabu ile: saa 28, kredi 60, nusu yake 30, kibali, mfadhili. Nikaongeza na ada ya mdogo wangu. Kwetu si heshima kumwanikia mgeni umaskini wako, na nilijisikia kama ninayeanika nguo za ndani barabarani. Mjerumani aliisoma karatasi yote, akauliza swali moja: "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" Hawakujua. Walidhani sote tuko chini ya kanuni moja kwa kuwa tunakaa korido moja. Kuanzia siku hiyo korido yetu iliweka sharti: gari haliondoki juma la saba, linaondoka jioni ya mtihani wa mwisho, na anayetaka kulala alale garini. Mreno alinung'unika kwa kuwa bei za hosteli hupanda wikendi. Lakini mwenyewe baadaye alifaulu kozi mbili ambazo, kwa maneno yake, hakuwa na nia ya kuzifaulu.

Kama kuna jambo moja ninalowaambia wanaoondoka Busia na Tororo kwenda kusoma mbali, ni hili la karatasi mezani. Vijana wetu wengi wanashindwa kati ya aibu mbili. Wengine hawasemi hapana, wanakwenda kila wanakoitwa wasionekane washamba, halafu mwisho wa mwaka kredi ni 24. Nimemwona mmoja wa namna hiyo, sitasema wa nchi gani, aliyerudishwa nyumbani na picha nzuri sana za Prague. Wengine hawasemi ndiyo hata kidogo, na hawasemi sababu, hadi wenzao wanaacha kuwaita. Rafiki akiijua bei yako hukusaidia kuilinda. Asipoijua atakuuzia safari kwa bei yake.

Yule Mwethiopia alikuwa na njia yake ya tatu. Hakuja safari hata moja, na alitueleza sababu siku ya kwanza, kwa utulivu, akikatakata vitunguu: kila euro ina jina la mtoto. Alipata alama za 9 katika mfumo ambao 8 hupigiwa makofi. Siku ya kuagana tulimwuliza kama ameiona Amsterdam. Alisema ndiyo, uwanja wa ndege. Tulicheka sote, na yeye alicheka kuliko sisi. Watu hupenda kumfanya mtu wa aina hiyo kuwa fundisho la asiyejua kuishi. Mimi siwezi. Alikuja na hesabu yake imekwisha kufungwa, akaondoka nayo imefungwa, na alilala usingizi mzuri.

Mimi sikuwa na watoto, na nilikuwa na kiu. Wacha niwaeleze basi safari iliyonilipa.

Mei 2018, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana iliangukia Alhamisi tarehe 10, mitihani ya kipindi cha tano imekwisha. Mgiriki alitaka kufika Dijon, Ufaransa. Mahali pa divai, tukadhani. Kumbe alimtaka Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea mji huo maji ya bomba, na ambaye mwaka 1856, katika kitabu chake juu ya chemchemi za umma za Dijon, alieleza kanuni ya jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga. Kila anayesomea maji chini ya ardhi huanza na Darcy. Alitaka kuuona mji wake kama wengine wanavyotaka kuuona uwanja wa mpira.

Mimi sikuendesha. Leseni ya Uganda inakubalika Uholanzi kwa siku 185 tangu uandikishwe kuwa mkazi, na zangu zilikuwa zimekwisha Machi. Nilikuwa nimeendesha kidogo majira ya baridi, upande wa kulia wa barabara, huku mkono wangu ukitafuta gia mlangoni. Sasa nilikuwa msoma ramani. Kusoma kwingine garini nilikwisha kuacha. Wapo wanaoamini wataondoka na madaftari wasome njiani. Mimi nilijaribu na takwimu kwenye milima ya Ardennes, na milima ilishinda. Kitu kinachowezekana garini ni mdomo. Tuligundua kwamba mtu akimweleza mwenzake somo lake kuanzia mwanzo, kwa lugha ambayo si ya yeyote kati yao, mahali asipopaelewa panajitokeza penyewe kama mfupa wa samaki. Mjerumani alitufundisha misitu hadi Liège. Baada ya Liège ikawa zamu ya Darcy.

Mgiriki alieleza: weka mchanga kwenye bomba, pitisha maji, mwendo wake unategemea tofauti ya usawa wa maji kati ya juu na chini, unene wa mchanga, na ukarimu wa mchanga wenyewe kwa maji. Nilimkatiza. Nikamwuliza, na kama badala ya maji ni hewa, na badala ya mchanga ni mahindi? Akanyamaza, halafu akasema hewa ikienda polepole ni karibu mambo yaleyale. Nilikuwa nimelitafuta hilo kitabuni kipindi kizima. Lundo la mahindi kwenye ghala la Buteba, mvua ya Novemba, katikati pana joto na unyevu kwa sababu hewa haipiti: sasa nililiona. Tulikuwa tunashuka kwenye bonde la mto Mosel.

Tulilala karibu na Schengen, kijiji cha Luxembourg chenye mashamba ya mizabibu. Tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi, walitia saini pale mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Walitia saini ndani ya meli, Princesse Marie-Astrid, kwenye maji ya mto ambao Luxembourg na Ujerumani wanaumiliki kwa pamoja, mahali ambapo Ufaransa inaonekana kwa macho. Utekelezaji ulianza Machi 1995, miaka kumi baadaye. Nilipenda sana hiyo miaka kumi. Kwetu Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010, na tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho tu. Februari 2018, miezi mitatu kabla ya safari yetu, Rais Museveni na Rais Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Mgiriki alishangaa kusikia. Alidhani mipaka ya Afrika yote ni waya na bunduki.

Mbele kidogo, kwenye mpaka ambao sitautaja, askari walitusimamisha. Tangu 2015 nchi kadhaa za Schengen zilikuwa zimerudisha ukaguzi, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Waliinama dirishani, wakatutazama watu wanne, wakaomba karatasi za mmoja. Niliwapa pasipoti na kadi ya ukaazi wa Uholanzi, ambayo humruhusu mtu kutembea katika nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya 180. Nilikuwa nazo kwa sababu mtoto wa mpakani hatoki bila karatasi hata akienda kisimani. Wenzangu, kwa uchungu, walitaka kubishana. Niliwatuliza kwa Kiingereza na kujituliza mwenyewe kwa Kiteso. Wakati tukisubiri niliwaeleza kwamba kule Malaba, kwenye mpaka huohuo wa Uganda na Kenya, nimewahi kuona dereva wa lori akipika ugali chini ya trela, akala, akalala, akaamka, na foleni iko palepale. Wakaacha kubishana, wakataka kujua zaidi juu ya trela.

Dijon ilikuwa nzuri. Kuna bustani yenye jina la Darcy, maji yanaruka, watoto wanakimbia. Mgiriki alikaa pale, sisi tukala aiskrimu. Sina la kuongeza juu ya Dijon.

Si kila safari ilikuwa na Darcy wake. Safari nyingine zilikuwa kicheko tu, na sioni sababu ya kuzitafutia cheti. Walipokwenda London kwa feri sikwenda, maana kibali cha Schengen hakikuwa na nguvu Uingereza na viza yake peke yake ingemeza posho. Nilibaki, nikamaliza ripoti, nikaandaa pilau ya watu sita, nikala na Mwethiopia. Ilikuwa wikendi nzuri vilevile.

Lakini kilichozaliwa kwenye bonde la Mosel kiliendelea kukua. Mwaka wa pili nilipotakiwa kuchagua mada ya tasnifu, nilichagua mahindi ya wakulima wadogo na sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa mashariki wa Kenya. Na safari nyingine fupi, kwenda Venlo, mji wa mpakani na Ujerumani uliojaa vibanda vya kioo vya mbogamboga na maghala, ilinipa nusu ya pili ya wazo. Nilisimama kando ya barabara nikatazama malori ya nyanya yakipita kuingia Ujerumani kana kwamba yanakwenda mtaa wa pili. Ukaguzi wa forodha kati ya nchi za soko la pamoja la Ulaya uliondolewa Januari 1993. Nikauliza, basi nani anayepima? Jibu lilikuwa kwamba vipimo vinafanyika shambani na ghalani, na karatasi yake inaaminiwa mbele. Kwetu tunangoja mzigo ufike langoni ndipo tuutilie shaka, na lango halina maabara.

Msimamizi wangu alitilia mashaka mwanafunzi anayetaja safari za barabarani katika utangulizi wa pendekezo la utafiti. Alizikata hizo aya, akaacha wazo. Nadhani alikosea kuzikata, ingawa alama alinipa nzuri.

Nilirudi 2019. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakasimama Malaba na Busia yakiwa na mzigo. Marufuku ililegezwa siku chache baadaye, ikawekwa masharti ya kujisajili kwa waagizaji na cheti kinachoonyesha kwamba kiwango cha sumu hakizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilikuwa nafanya kazi na vikundi vya wakulima hapa Buteba, tunawaonyesha jinsi ya kukausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu na kupanga magunia ili hewa ipite. Mama mmoja aliniuliza hewa inapitaje kwenye mahindi, nikachukua chupa ya plastiki, nikaijaza mchanga, nikamwaga maji. Jina la Darcy sikulitaja. Vijana wengine hawakuwa na muda nami. Dhahabu inayochimbwa huku kwetu inalipa haraka, na wao wako mashimoni wakiosha udongo kwa zebaki kwa mikono mitupu. Hiyo ni habari nyingine, nayo inaniuma zaidi kuliko mahindi.

Mwaka huu binti wa kaka yangu mkubwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani. Kaka alimketisha chini, akaniita nami, tukaandika bajeti kwenye daftari la mistari. Chumba. Bima. Chakula. Simu ya kupigia nyumbani. Binti alinyamaza hadi tulipofika mwisho, kisha akasema, "Shangazi, na safari? Wewe ulikwenda."

Kaka aliweka kalamu chini. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu umemjaza nini kichwani?"

Nilimwambia binti alete kwanza ratiba ya chuo chake. Aliifungua kwenye simu, tukatafuta tarehe za mitihani, tukazizungushia duara, kisha tukahesabu wikendi zinazozifuata. Nilimwonyesha ni zipi kati ya hizo angeweza kusafiri na ni zipi asikubali hata akiitwa kwa kuimbiwa. Nikamwambia leseni yake ya Uganda aulize kule itadumu kwa muda gani kabla hajashika usukani wa mtu. Kaka alikuwa akitusikiliza akijifanya anatazama kuku uani. Mwishowe akavuta daftari.

"Sawa. Safari moja kila baada ya mitihani," akasema. "Lakini andika utafiti. Baba mdogo huwa anazisoma bajeti hizi."

Binti akachukua kalamu, akaandika petroli.